Riwaya Zetu na Elimu ya Nafsi

Hapana somo katika vyuo vyetu vya ualimu linalobeba ahadi kubwa kuliko saikolojia, na ni machache yafundishwayo kwa ukavu kama hilo. Kijana huingia darasani akitaka kujua kwa nini mtoto hulia, hunyamaza, hudanganya, hupenda na huchukia. Hutoka akiwa na orodha. Anajua kuwa Pavlov alikuwa na mbwa, Skinner alikuwa na panya na njiwa, Piaget aligawa ukuaji wa akili katika hatua 4, na Erikson aligawa maisha ya mtu katika hatua 8. Ukimwuliza mtoto mwenyewe yuko wapi katika mambo hayo yote, atakufunulia ukurasa.

Makala haya yanaipinga desturi hiyo. Ninadai kwamba riwaya, na hasa riwaya ya Kiswahili, iingie katika darasa la saikolojia. Isiingie kama kiburudisho cha kipindi cha mwisho siku ya Ijumaa, bali kama kitabu cha kazi, chenye haki ya kuihoji nadharia na wajibu wa kuhojiwa nayo. Najua wako wenzangu wanaoliona dai hili kuwa mzaha. Nitawajibu kwa kadiri ya uwezo wangu. Lakini kwanza sharti niungame jambo lililonifikisha hapa.

Nilikuwa mkufunzi kwa miaka mingi. Mwaka mmoja nilikwenda kumkagua mwanachuo wangu katika mazoezi ya kufundisha. Alikuwa amewashinda wenzake wote katika mtihani wa saikolojia, na andalio lake la somo halikuwa na dosari. Katikati ya kipindi alimwita msichana mmoja kwa jina ajibu swali. Msichana akasimama, akainamisha kichwa, akanyamaza. Akaulizwa mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi, akanyamaza. Mara ya tatu kijana yule akashika fimbo, akamchapa mbele ya wenzake. Tulipotoka nje nikamwuliza sababu. Akanijibu bila kusita kwamba tendo lisilotakiwa hupungua likifuatwa na adhabu. Sentensi hiyo niliijua. Mimi ndiye niliyempa alama za juu kwa kuiandika.

Baadaye mwalimu mmoja wa shule ile akatuambia kwamba nyumbani kwa msichana yule, sauti kubwa ya mwanamume ikimwita kwa jina ilikuwa dalili ya kipigo. Hakuwa na kiburi. Alikuwa na hofu. Tulikuwamo darasani watu wazima wawili tuliosoma elimu ya nafsi, na hakuna kati yetu aliyeliona jambo ambalo bibi kizee yeyote kijijini angelitambua kwa kumtazama mtoto mabega.

Swali lililonisumbua tangu siku hiyo halikuwa kama nadharia ni ya kweli au ni ya uongo. Lilikuwa hili: katika masomo yetu yote, ni wapi kijana huyu alipopewa nafasi ya kukaa ndani ya moyo wa mtoto mwenye hofu, japo kwa saa moja? Nilipekua muhtasari wa somo langu, nisipaone. Nilipapata katika rafu ya vitabu vya fasihi.

Mwaka uliofuata nilianza kozi kwa kusoma na wanachuo wangu riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971. Rosa ni binti wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Nyanza alikozaliwa mwandishi mwenyewe mwaka 1944. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na ni mkali; mama yake, Regina, anaubeba mzigo wa nyumba pamoja na kipigo. Zakaria anagundua barua ya mvulana, na Rosa anaadhibiwa kikatili. Niliwauliza wanachuo swali moja tu: Je, Zakaria anampenda binti yake?

Darasa liligawanyika. Wako waliosema kwamba mtu huyo ni mnyama. Wako waliosema kwamba anampenda, ila anaogopa aibu zaidi ya anavyompenda. Mwanachuo mmoja wa kike, ambaye hakuwahi kusema neno tangu muhula uanze, alisimama akasema kwamba yeye alilelewa hivyo hivyo na mpaka siku hiyo hakujua jibu. Ndipo nilipowaletea kazi ya Diana Baumrind, ambaye katika miaka ya 1960 huko California alitofautisha mzazi anayeamrisha bila kueleza, mzazi anayeongoza kwa maelezo na mipaka, na mzazi anayeachilia. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu ya kufundisha, nadharia ilikuja ikiwa imeitwa na darasa lenyewe.

Tulipoendelea na hadithi, tuliona jinsi Rosa, aliyezuiliwa hata kuzungumza na mvulana, anavyofika shuleni mbali na nyumbani bila ya silaha yoyote ya kujichunga. Utii wake ulikuwa wa fimbo, na fimbo ilibaki Ukerewe. Basi nikawafungulia Skinner, yule yule aliyemponza mwanachuo wangu. Kumbe Skinner mwenyewe alifundisha kwamba adhabu huzima tendo kwa muda tu, na kwamba huacha nyuma yake hofu na chuki. Kijana wangu alikariri nusu ya habari kwa sababu sikumpa sababu ya kuitafuta nusu ya pili. Rosa, mtu wa kubuniwa, alitupa sababu hiyo.

Sasa niwaendee wanaosema kwamba sayansi ni sayansi na hadithi ni hadithi, na kwamba kuzichanganya ni kuirudisha nyuma elimu. Ningependa wawatazame wale waliolijenga somo hili. Freud aliandika mwaka 1907 uchunguzi mzima juu ya kitabu cha hadithi, Gradiva, cha Wilhelm Jensen. Na jina la nadharia yake mashuhuri kuliko zote, ile ya Oedipus, alilichukua katika tamthilia ya Kigiriki. Piaget, kabla hajawa bingwa wa akili ya mtoto, alichapisha riwaya mwaka 1918. Na Skinner, aliyetaka saikolojia ishughulike na matendo yanayoonekana tu, alipotaka watu wayaelewe mawazo yake juu ya jamii njema aliandika riwaya, Walden Two, mwaka 1948. Waliolianzisha somo hawakuona haya kuifuata fasihi, nao wanafunzi wao katika Afrika wanaona haya. Twalinda ukuta ambao wenye nyumba hawakuujenga.

Lakini hoja yangu kubwa haiko kwa Freud wala kwa Skinner. Iko hapa nyumbani.

Vitabu vya saikolojia tunavyovitumia vimeandikwa juu ya nani? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliopitia majarida makubwa ya somo hili kwa miaka ya 2003 hadi 2007, ulionyesha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka katika nchi za viwanda za Magharibi, ambazo zina kama asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Asilimia 68 walitoka Marekani peke yake. Yaani kitabu kinaposema "mtoto", mara nyingi kina maana ya mtoto wa huko. Na kinaposema "mtu", mara nyingi kina maana ya mwanafunzi wa chuo kikuu cha huko, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na mchunguzi. Sisemi kwamba mtu huyo si mtu. Nasema kwamba si watu wote.

Na hata pale Afrika ilipochangia, tumefundishwa kusahau. Wanachuo wetu husoma juu ya Mary Ainsworth na uchunguzi wake wa mafungamano ya mama na mtoto mchanga katika mji wa Baltimore. Ni wangapi huambiwa kwamba kazi hiyo ilianza Uganda, katika miaka ya 1954 na 1955, katika vijiji vya karibu na Kampala, ambako alizitembelea nyumba za familia 26, na kwamba kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967? Chimbuko la elimu hiyo liko kando ya ziwa lile lile lizungukalo kisiwa cha Rosa, nasi twaisoma kana kwamba imeshuka kutoka ng'ambo.

Tena liko suala la lugha. Huwezi kuijua nafsi ya mtu kwa maneno asiyoyatumia anapozungumza na nafsi yake. Kitabu cha Kiingereza kitamfundisha mwalimu neno moja ambalo sisi tunalivunja vipande: haya, soni, aibu, fedheha. Mtoto mwenye haya amelelewa vizuri. Mtoto mwenye aibu ameumizwa na jambo. Mtoto aliyefedheheshwa ameumizwa na watu. Huzuni si simanzi, na simanzi si kinyongo. Kununa ni jambo moja, kususa ni jambo jingine, na mtoto anayesusa chakula chake huwa anatamka shtaka zima bila kufungua kinywa. Yule msichana aliyesimama mbele ya mwanachuo wangu alikuwa na ukimya, na ukimya una majina mengi katika Kiswahili. Kijana alilijua moja tu, kiburi, kwa sababu hakuna somo lililowahi kumtaka ayapambanue. Waandishi wetu wa riwaya wamefanya kazi hiyo ya kupambanua. Mwalimu ambaye hajawasoma anaingia darasani na msamiati wa askari.

Mfano si mmoja. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, asisome wala asitoke. Ukuta unapopata ufa, binti anatoroka na kuiangukia dunia asiyoijua. Katika Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976, tunamfuata msichana anayekua akinyimwa mapenzi na baba yake mzazi. Katika Kichwamaji, ya mwaka 1974, Kezilahabi anatupa Kazimoto, kijana aliyesoma mpaka chuo kikuu, ambaye elimu imemtenga na kijiji bila kumpa mahali pengine pa kukaa, na ambaye mwisho anajiua. Nani atanambia kwamba kozi ya saikolojia ya vijana inaweza kufundishwa katika nchi yetu bila kumjadili Kazimoto? Erikson aliandika kwamba kijana hupambana kuijua nafsi yake, yaani kujibu swali "mimi ni nani?" Kazimoto anaongeza swali ambalo Erikson hakulisikia kwa namna yetu: mimi ni wa nani?

Hapo ndipo riwaya inapofanya zaidi ya kuipamba nadharia. Inaishtaki. Mwanachuo aliyeisoma Kichwamaji kwa makini ana haki ya kuuliza kama hatua 8 za Erikson zinamfaa mtu ambaye ukoo wake, shule yake na serikali yake kila kimoja kimempangia utu tofauti. Huenda zinamfaa, huenda hazimfai. Kuuliza hivyo ndiko kusoma.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito, nami sitaikwepa. Wanasema riwaya ni ya kubuni. Mwandishi aweza kumfanya mhusika wake atende lolote, hivyo haithibitishi kitu. Ni kweli. Rosa hathibitishi kwamba binti wa baba mkali hupotea; wako mabinti wa baba wakali waliosimama imara, na wako waliopotea kutoka nyumba za upole. Mwandishi aweza kukosea juu ya nafsi, tena waandishi wetu kadha wa kadha wamekosea juu ya wanawake, wakiwafanya ama malaika ama makahaba. Kwa hiyo sisemi riwaya ichukue mahali pa uchunguzi. Nasema itangulie uchunguzi, ili mwanachuo aufikie uchunguzi akiwa na swali lake mwenyewe. Piaget aliyajenga mengi ya mawazo yake juu ya watoto wachanga kwa kuwatazama watoto wake 3. Hatukumfukuza, tulichukua maswali yake, tukayapima kwa watoto wengine. Riwaya nayo itendewe hivyo.

Wala sitaki kujenga juu ya mchanga. Mwaka 2013 jarida la Science la Marekani lilichapisha majaribio yaliyosema kwamba mtu akisoma kipande cha fasihi bora, uwezo wake wa kutambua hisia za wengine huongezeka papo hapo. Wapenzi wa fasihi walishangilia. Lakini wachunguzi wengine waliporudia majaribio hayo hawakupata matokeo yale yale. Basi mtu asiniambie kwamba riwaya ni dawa, kwamba mwalimu akimeza kurasa 100 atakuwa mpole. Wako wasomaji wakubwa ambao ni watu wabaya. Kinachofundisha ni riwaya pamoja na mabishano ya darasa zima, chini ya mkufunzi anayejua kuuliza na anayejua kunyamaza.

Hoja ya tatu ni ya maadili. Kuna wanaosema kwamba riwaya hizi zina mambo machafu: ulevi, uzinzi, kutoa mimba, kujiua. Rosa Mistika yenyewe iliwahi kupigwa marufuku katika shule zetu kwa sababu hiyo, na baadaye ikaja kuwa kitabu cha kusomeshwa. Historia hiyo ingetutosha kuwa funzo. Mtu anayejiandaa kuwa mwalimu atakutana na mambo hayo yote katika mwaka wake wa kwanza wa kazi, yakiwa na sare za shule. Ni afadhali akutane nayo kwanza katika kitabu, penye nafasi ya kufikiri, kuliko akutane nayo mara ya kwanza yakiwa yamesimama mbele yake yakilia.

Baada ya kuwajibu wapinzani, sina budi kuwaonya walio upande wangu, kwa kuwa jambo jema laweza kuharibiwa na wanaolipenda. Riwaya zikiingia darasa la saikolojia kwa namna tulivyozizoea katika mitihani ya fasihi, basi tusipoteze wakati. Tukianza na "taja dhamira 5", wanachuo watamkariri Rosa kama walivyomkariri Pavlov. Hatari ya pili ni ya kubandika majina ya maradhi: Kazimoto ana ugonjwa fulani, Zakaria ana kasoro fulani, somo limekwisha. Mwalimu aliyezoea kuwabandika watu wa kitabuni atawabandika watoto wa kweli, na kibandiko ni fimbo nyingine isiyoacha alama ya kuonekana.

Napendekeza, basi, njia nyepesi ambayo chuo chochote chaweza kuimudu. Kila muhula ichaguliwe riwaya 1, isomwe yote, na nakala zikiwa chache isomwe kwa sauti. Kila sura ianzwe kwa swali juu ya mtu, si juu ya nadharia: anaogopa nini? Anaficha nini? Nani aliyemfundisha kuficha? Nadharia ije pale swali linapokwama. Kisha mwanachuo atakiwe kwenda kwa wazazi, walimu wakongwe na watoto wenyewe, aulize kama mambo huwa hivyo, na alete jibu hata kama linamkanusha mwandishi. Mwisho wa muhula aandike kurasa chache kueleza ni wapi riwaya iliisahihisha nadharia, na ni wapi nadharia iliisahihisha riwaya. Gharama yake ni vitabu ambavyo tayari vimeandikwa, katika lugha ambayo tayari tunaizungumza.

Wizara ya kwanza ya utamaduni katika nchi yetu iliundwa mwaka 1962, na tangu hapo tumesema mengi juu ya kuuenzi utamaduni wa taifa. Mara nyingi tumeufanya uwe ngoma ya kumpokea mgeni uwanjani. Ngoma ni njema. Lakini utamaduni ni pia namna watu wanavyozifahamu nafsi zao, na ufahamu huo uliohifadhiwa katika riwaya zetu tumeufungia nje ya chumba ambamo walimu wa taifa hufunzwa habari za nafsi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu haujachakaa, hatujaukalia tu.

Ndugu mwalimu, na wewe mwanafunzi wa sekondari ambaye huenda kesho utakuwa mwalimu, usingoje muhtasari ubadilishwe. Chukua riwaya moja ya Kiswahili, uisome ukiwa na mtoto mmoja unayemfahamu akilini mwako, yule msumbufu kuliko wote, au yule mkimya kuliko wote. Kisha rudi darasani umtazame tena. Mimi nilipewa nafasi hiyo siku moja, nikaipoteza nikiwa nimeketi nyuma ya darasa na fomu ya ukaguzi mkononi, nikijaza alama za sauti, ubao na matumizi ya vifaa. Fomu ile haikuwa na mahali pa kuandika habari za msichana aliyesimama.